Zawadi Iko Bure, Lakini Njia Haiko Bure

Bunia, Rwambuzi, siku ya posho, Jumamosi, kisha Pentekoste

Scholastique, dada yangu mudogo, mutoto wa mwisho wa mama yetu,

Nimevua kofia ndipo nakusalimia, hata kama weye ndiye mudogo na miye ndiye nilikubeba ku mugongo. Uko aje? Lile jino yako ya mbele ingali inasimama peke yake sawa musalaba ya njia panda? Magoti inakuacha ulale? Na ule jirani yako mwenye anaimba vibaya ku misa, hajachoka bado? Siye huku tuko. Mvua inanyesha, muhindi inakomaa, Carine anakusalimia sana. Miye niko muzima kabisa. Nguvu iko, usingizi iko, jana tu nilifukuza mbuzi ya jirani mupaka ku barabara.

Naandika na mukono yangu mwenyewe, juu weye na simu muko sawa paka na maji. Unajua shule yangu iliisha darasa ya nne, siku nilimuiga padri namna anatembea, kumbe padri iko nyuma yangu. Basi ukikuta kosa, umulaumu padri. Barua anakubebea Tina, mutoto wa mwalimu wa katekisimu, anapanda ndege kesho kuja huko kusoma. Mupe chai.

Sasa nimemaliza kusalimia. Naomba ruhusa nikasirike.

Unajua kama Carine, mutoto yangu wa mwisho, ameposwa. Kijana anaitwa Prudent, wa Marabo, anafanya kazi hapa Bunia ya kuweka plaki za umeme wa jua ku manyumba za watu. Kijana wa kimya. Ukimutukana anasema asante muzee, na hiyo inaniudhi kupita matusi. Baba yake alishakufa, kwa hiyo mwenye anasema mu kinywa yake ni mujomba yake, Gérard. Huyo sasa si wa kimya. Huyo Mungu alimuumba kinywa kwanza, kisha akatafuta mwili ya kuitundika.

Wakati ya kusema mali ya kuoa, ile mahari, ilifika. Nilifagia lupango, uwanja wote ya nyumba, nikavaa koti yenye nilifunga nayo ndoa, nikangoja kusikia hesabu ya ng'ombe. Upande yetu alisema rafiki yangu Étienne, unamujua, ule mwenye alikuwa karani ya posta zamani na miwani yake imevunjika kioo moja. Basi Gérard akasimama, akakohoa, akatoa mufukoni karatasi moja ya rangi, yenye kung'aa. Ndani picha ya gari na musichana anaiegemea sawa gari ni bwana yake. Akasema ati ng'ombe ni mambo ya wazee wetu, ng'ombe zinaibiwa, ng'ombe zinakufa na homa, siye wa Marabo tumefikiria mbele: tunaleta gari ya umeme.

Nilicheka. Niliona ni muzaha wa kufungua mulango. Kumbe mutu iko anasema kweli.

Akaanza kutusomea ile karatasi kama Injili. Ati maison moja, duka kubwa ya Butembo, inauzisha hizo gari. Mwenye ananunua mbele ya Pasaka wanamupunguzia bei. Tena wanamupa kisanduku ya kuchajia na kamba yake, bure. Matengenezo mwaka muzima, bure. Parapluie, mwavuli ya mvua, bure. Livraison, ndiyo kuifikisha kwa mwenyewe, bure. Na kila akisema bure, ananiangalia miye, sawa yeye ndiye alifuma hiyo parapluie na vidole vyake. Étienne akauliza kama petroli haiingiemo hata tone. Gérard akasema hata tone, inakunywa jua tu. Na weye unajua petroli ya Bunia inauzishwa sawa mafuta ya upako.

Dada, sitakuficha: niliguswa. Nilijiona siku ya Mungu napita mbele ya kanisa, kioo iko chini, kiko yangu ya mukono iko inje ya dirisha, na wale wazee wenye walikuwa wananicheka wanameza vumbi. Carine alikuwa amesimama ku mulango ya jiko, anaangalia chini. Nilimuuliza kama anakubali. Akasema anakubali. Alisema haraka sana, hata nikashangaa, juu huyo mutoto ukimuuliza kama anataka maji anafikiri kwanza.

Basi tulinywa juu yake, tukaachana vizuri.

Sikia sasa. Vyenye viliandikwa na herufi kubwa ku ile karatasi, Gérard alivisoma na sauti kubwa. Vyenye viliandikwa chini, na herufi sawa mavi ya inzi, alivifunika na kidole. Étienne na kioo yake moja hakuona. Miye na darasa yangu ya nne sikutafuta. Kidole ya huyo mutu ilikaa pale chini kutwa nzima, na siye tulifikiri anashika karatasi.

Pasaka ikapita. Gari hapana. Siku zikaenda, Étienne akatuma maneno Marabo, jibu ikarudi ati iko njiani. Kumbe chini ya kidole iliandikwa: livraison bure mupaka Komanda. Komanda! Kamyo, lori ya Butembo, iliishusha pale pembeni ya barabara sawa gunia ya makaa, ikageuza. Prudent maskini akaenda kuitwaa. Batri ilikuwa na nguvu kidogo tu, ile ya kujaribishia. Akaiendesha polepole, akapita milima, akafika Marabo, na pale mbele ya mulango ya Gérard gari ikanyamaza. Ikakufa tu, haikusema hata kwa heri.

Utaniuliza: kisanduku ya kuchajia iko wapi? Nami niliuliza. Ilibaki Butembo. Ati zawadi iko bure, lakini njia ya zawadi haiko bure. Mwenye anataka zawadi yake aende kuilipia usafiri. Weye umeshasikia mutu anakupa kuku, kisha anakuomba ulipie mabawa? Kitu moja tu ilifika: parapluie.

Nikangoja Gérard aje kuomba musamaha. Akatuma mutu na maneno haya, nakuandikia sawa ilivyo: mali imefika, iko Marabo, muje muitwae. Ati karatasi inasema anayepokea ndiye analipa njia. Na anayepokea ni nani? Ni Muzee Josaphat.

Scholastique, damu ilinipanda mupaka ku nywele, na weye unajua nywele ziko mbali siku hizi. Siye tulizaliwa wapi? Kwetu mali inatembea na miguu ya mwenye anaitoa, mupaka inakanyaga mavi ya ng'ombe ya baba ya musichana. Ng'ombe ikivunjika muguu ku muto ya Shari, ni ya kwao. Ikiliwa na fisi, ni ya kwao. Hata wakati ya kuposwa kwako, wale watu walibeba ndama moja mabegani, watu wawili wanapokezana, juu ilikuwa mulemavu na ilibidi ifike. Baba hakuuliza nani analipa. Na leo mutu ananiambia miye, mu uzee yangu, nikodi kamyo niende kujichukulia mali ya mutoto yangu sawa naenda kutosha mugonjwa ku hospitali! Kamyo za hapa ziliomba bei ya ng'ombe nzima. Kwa hiyo ule bei walipunguziwa huko Butembo, ni miye niirudishe hapa Bunia.

Niliwaita. Walikuja, na Étienne akaja na habari ingine juu ya ile, yenye alijionea Marabo na kioo yake moja. Mu salo ya Gérard muko frigo mupya, na ribani, utepe nyekundu ya zawadi, ingali juu. Ile maison inatoa prime, zawadi ya asante, kwa mutu mwenye anawaletea munuzi, na prime ya mwaka huu ni frigo. Moto wa umeme kwa Gérard hakuna, kwa hiyo anatiamo mashati.

Nilimuuliza mbele ya wote kama ni kweli. Akasema ati ni zawadi, ati frigo haikutoka mu mali ya Carine. Nikamwambia: weye umeuzisha mutoto yangu juu ya kabati ya baridi yenye haina baridi. Akasema niheshimu watu. Nikasema nitaheshimu watu siku nitawaona. Prudent akasema muzee, tafazali, mutupe muda. Nikamwambia weye nyamaza, weye hata gari yako inakuzidi kusema. Étienne akanivuta shati. Sikuvutika. Niliapa ku jina ya baba: Carine hatavuka mulango yangu kama hiyo kitu haijaingia kwa nguvu yao. Na nilipoona wanatoka, nikawafuata na maneno ya mwisho. Nikasema mulikataa ng'ombe, ati ni mambo ya wazee. Basi gari yenu imelala, mufunge ng'ombe mbele ivutwe!

Nilisema juu ya kuwauma. Sikujua kama kuko mutu anasikilizaka matusi yangu vizuri hivyo.

Kisha hiyo siku, Carine hakusema na miye. Alipika, aliweka sahani, alienda. Munyu aliisahau kwa makusudi. Nami nilikula kwa makusudi.

Siku moja nasikia kelele inatoka barabarani, watoto wanapiga miluzi, wanawake wanapiga vigelegele, mbwa zote za Rwambuzi zinalia. Nikatoka. Dada yangu, hata ukufe hutaona kitu kama hicho. Ng'ombe dume ine za kulimia, kubwa, zimefungwa kamba, na nyuma yao gari nyeupe inang'aa sawa meno ya dogteri. Ndani, Prudent ku musukani, uso umechafuka matope, parapluie imefunguliwa inje ya dirisha juu ya mvua. Nyuma, Gérard kwa miguu, viatu mukononi, fimbo mukononi ingine, anachechemea. Walitoka Marabo, walilala Nyankunde, walivuta ile kitu ya jua na mukia ya ng'ombe mupaka kwangu. Watu walicheka mupaka motari moja, wa kubeba watu na pikipiki, akaanguka mu mutaro. Nami nilicheka. Nilishika ukuta. Hasira yote ilinitoka, kwa dakika moja.

Kisha ng'ombe zikaingia mulangoni, gari ikaingia nyuma yao, Gérard akaingia. Na miye nikafunga mulango.

Unakumbuka ndama ya yule mujane, ile yenye ilifuata mali yako ikaingia nayo? Baba alifunga, mujane akalia mupaka jioni, baba akasema kwato ya mali haigeuki. Kile kimeingia na bwana arusi, kimeingia. Na hakuna kitu cha mali kitatoka kama shangazi ya musichana hajakuja kufungua na mukono yake. Ni shangazi yetu Musoki ndiye alifungua kwako, unakumbuka, akamurudishia mujane ndama yake na baba akajifanya kuangalia ndege.

Gérard akalia ati hizo ng'ombe ni zake, ameazimisha tu, ni za shamba yake, wakati ya kulima imefika. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akasema Marabo. Zimeingia wapi? Akanionyesha lupango na fimbo. Nani aliingia nazo? Akaangalia Prudent. Basi, nikasema, chini ya kidole yangu imeandikwa hivyo, weye hukusoma. Rwambuzi nzima ilipiga makofi. Nilikuwa mufalme.

Hapo ndipo Carine alitoka jikoni, mikono nyeupe na unga. Nilifikiri anakuja kucheka na siye. Hakucheka. Angepiga kelele ingekuwa afazali, lakini alisema polepole, mbele ya wote. Akasema Gérard hakuomba gari. Mwenye aliomba gari ni yeye. Alienda Marabo mwenyewe, na pikipiki, kumusihi Gérard aache ng'ombe na atafute gari, na Gérard alikataa kwanza, akasema muzee atatukana. Hiyo karatasi ya rangi, ni yeye aliipata sokoni akamupelekea. Frigo hakujua, na kidole hakujua, lakini gari alijua. Kisha akanionyesha na kichwa, si na mukono. Alionyesha muguu yangu.

Sasa dada, rudi ku mwanzo ya barua, pale niliandika niko muzima. Futa. Nilikudanganya. Mbuzi ya jirani alifukuza Carine. Miye nilikuwa ku kiti napiga kelele. Niko na ugonjwa ya sukari, ni mwaka wa pili huu. Kidonda iko chini ya muguu ya kuume, haifungi. Dogteri wa hospitali ya Nyankunde alisema niende kila juma wanisafishe, nikikosa watakata, kwanza vidole, kisha watapanda juu. Nilienda mara kidogo. Lakini pikipiki na ile barabara, kila shimo inafungua kile dogteri amefunga, nafika nyumbani soksi imejaa damu. Nikaacha. Nilimuapisha Carine asiseme kwa mutu, na zaidi asikuandikie weye, juu baba yetu alienda kaburini kwa njia ya muguu hivyo hivyo na weye ndiye ulimushika. Sikutaka uanze kunililia na niko ningali natukana watu.

Alitunza kiapo. Hakusema kwa mutu, ila kwa Prudent. Na wao wawili wakaangalia mali yenye ingekuja kwangu, wakaona ng'ombe hazinipeleki Nyankunde. Kila mutu mu hii habari alinisomea zawadi na akanificha njia. Huyo mutoto alifikiria njia tu, na miye nikamuita ameuzishwa juu ya kabati.

Hasira haijaisha, usifikiri. Imegeuka tu, inaniangalia miye.

Na bado hujasikia mwisho wa upumbavu. Prudent alienda Butembo akaleta kisanduku, akaifunga ku plaki zake, gari imekunywa jua, imeshiba. Inawaka. Inaimba kidogo ukifungua mulango. Kiti ya mbele ameilaza nyuma, ameweka muto ya kitanda, muguu yangu inakaa pale sawa askofu. Niko ndani yake sasa hivi nakuandikia. Lakini iko mu lupango, na lupango nimefunga miye, ku jina ya baba, mbele ya Rwambuzi nzima. Gari ni mali. Mali haitoki kama shangazi hajafika. Kwa hiyo nimekaa mu gari nzima, nangoja muguu ioze, ng'ombe ine zinanikulia muhindi na kunitazama ku kioo.

Prudent anakuja kila asubui, ananisafishia kidonda na maji ya munyu. Nilimutukana jana, akasema asante muzee. Nililia, lakini ilikuwa moshi ya jiko.

Gérard analala kwa Étienne. Juzi alituma watu Marabo, na kamyo ikaja, ikashusha frigo mbele ya mulango yangu, na ribani. Anataka tubadilishane na ng'ombe. Unaona ginsi binadamu iko? Mwenye alikataa kulipa livraison ya gari, amelipa livraison ya frigo.

Sasa nakuomba, na hapa sichezi. Kuja. Kuja mbele ya juma ingine kuisha, juu kidonda imeanza kunuka, na ndoa ya Carine inangoja mukono yako. Ukifika, fungua ule mulango kama shangazi, na useme weye mwenyewe ng'ombe zirudi kwa Gérard, azilimie shamba. Miye siwezi kusema. Nitapiga kelele kidogo juu ya heshima, nitataja baba, nitatupa kofia chini. Usinisikilize. Nitaangalia ndege. Kisha upande nyuma ya gari na Carine, twende Nyankunde, na njiani nitamuomba musamaha, juu pale hataweza kutoka aende jikoni.

Frigo lakini ibaki. Hiyo usinishauri.

Salimia watoto na wajukuu, salimia paroko wenu, na ule muimbaji mwambie nimemuombea. Usiogope juu ya safari. Njia yako nalipa miye yote, Tina iko na bahasha. Na ni mupaka mulangoni kwangu, Scholastique. Si mupaka Komanda.

Yaya, kaka yako mukubwa mwenye kichwa ngumu na muguu moja na nusu,

Josaphat